Majina Kabla ya Uzio: Makaburi ya Kihistoria ya Nachingwea na Ruangwa na Wajibu wa Mchungaji

Utangulizi

Kila mchungaji aliyepata kuhudumu katika usharika wa vijijini ajua ya kuwa kazi ya kuzika haiishi siku ya mazishi. Matanga yakishaondolewa hubaki swali moja: baada ya miaka hamsini, ni nani atakayejua kwamba mahali hapa amelala fulani? Kwa marehemu mwenye jamaa karibu, swali hilo hujibiwa na watoto na wajukuu, ambao huja kupalilia na kuonyeshana. Lakini yako makaburi ambayo wenyewe hawako karibu. Waliolala humo walikufa mbali na kwao, wakazikwa na wenzao waliokuwa safarini, na wenzao nao wakaondoka.

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zina makaburi ya namna hiyo kutokana na vipindi viwili vya historia. Cha kwanza ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyofika katika nchi ya Wamwera mwaka 1917. Cha pili ni vita vya ukombozi wa Msumbiji, ambavyo kambi yake kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea hadi uhuru wa nchi hiyo mwaka 1975.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: ni nani waliolala huko; kwa nini makaburi yao yamo hatarini; na ni lipi limpasalo mchungaji, pamoja na usharika wake, katika kuyatunza na kuyafanya yawe mali ya utamaduni ya jamii nzima. Hoja yetu kuu ni hii: watu wengi hudhani kwamba kulinda makaburi huanza na uzio na saruji, kumbe huanza na majina. Kaburi ambalo wenyeji hawajui ni la nani halina mtetezi, hata likizungushiwa ukuta.

1. Ni nani waliolala huko?

1.1 Wapagazi na askari wa mwaka 1917

Tarehe 19 Julai 1917 palipiganwa vita vikali Narungombe, mahali ambapo leo ni ndani ya Wilaya ya Ruangwa. Majeshi ya Waingereza yalikuwa yakishuka kutoka Kilwa, na jeshi la kikoloni la Wajerumani likawangoja penye visima. Waliopigana siku ile hawakuwa Wazungu peke yao. Upande wa Waingereza walikuwapo Keya, Wahindi, na askari wa kikosi cha Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Upande wa Wajerumani wengi walikuwa askari Waafrika. Mwezi Oktoba mwaka uleule Waingereza waliteka Ruponda, katika Wilaya ya Nachingwea ya leo, ambako Wajerumani walikuwa na ghala za chakula. Siku chache baadaye, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, yalifuata mapigano ya Mahiwa katika wilaya jirani ya Lindi, ambayo yahesabiwa kuwa miongoni mwa yale yaliyoua watu wengi kuliko yote katika vita vile Afrika Mashariki. Mwishoni mwa Novemba Wajerumani walivuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Hata hivyo, tukihesabu waliokufa katika njia zile, walio wengi hawakuwa askari. Walikuwa wapagazi. Nchi haikuwa na barabara za magari, na wanyama wa mizigo waliuawa na ndorobo. Kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilipita juu ya kichwa cha mtu. Wanahistoria hukadiria kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao walikaribia laki moja, na wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Walizikwa kando ya njia na penye kambi, na wengine hawakuzikwa. Jina la kikosi chao limebaki katika soko kubwa la Dar es Salaam, kwa maana Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Soko lajulikana na kila mtu, bali makaburi ya wenye jina lile hayajulikani.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe, ikakiri kwamba zaidi ya watu laki moja waliokufa wakiutumikia ufalme wa Uingereza katika vita vile, wengi wao wakiwa Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nayo ikaomba radhi. Tume hiyo iliundwa mwaka 1917, mwaka uleule wa Narungombe, nayo ilishika kanuni ya kwamba wafu wote watendewe sawa bila kujali cheo wala dini. Kanuni ilikuwa njema, ila katika nchi yetu haikutimizwa.

1.2 Wapigania uhuru wa Msumbiji

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ikaanza vita vya silaha tarehe 25 Septemba 1964. Wapiganaji wake walifundishwa kwanza Kongwa, kisha Nachingwea, mahali panapoitwa Farm 17. Jina hilo lenyewe lina historia ndani yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilifungua Nachingwea mashamba makubwa ya karanga. Mpango ule ukashindwa na kuachwa mwaka 1951, na mashamba yakabaki na namba zake. Ardhi iliyokusudiwa kuwapatia Waingereza mafuta ya kupikia ikawa mahali pa kuwaandaa Waafrika kwa ajili ya uhuru wao. Samora Machel, aliyekuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, aliiongoza kambi hiyo.

Kambi iliyokaliwa na maelfu ya vijana kwa takribani miaka kumi haikosi wafu: wako wanaokufa kwa maradhi, wako wanaokufa kwa ajali katika mazoezi, na wako wanaorudishwa kutoka mapiganoni wakiwa na majeraha yasiyopona. Hapa pana ugumu ambao mchungaji anapaswa kuuelewa. Mpiganaji alipoingia katika jeshi la ukombozi, mara nyingi alipewa jina la vita, ili Wareno wasiwatese jamaa zake. Aliyefariki Nachingwea huenda alizikwa na watu waliomjua kwa jina hilo tu, huku mama yake ng'ambo ya Ruvuma akimngoja kwa jina alilompa yeye. Majina hayo mawili hayakutani mpaka pawepo mtu wa kuyakutanisha.

Viongozi walipata bahati nyingine. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, aliyeuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, na Josina Machel, aliyefariki tarehe 7 Aprili 1971, walizikwa Kinondoni, na baadaye mabaki yao yakahamishiwa Maputo kwa heshima zote za taifa. Wadogo walibaki walikozikwa.

2. Kwa nini makaburi haya yamo hatarini?

Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo na makaburi yaliyokuwapo kabla ya mwaka 1863. Yaliyo ya baadaye hupata ulinzi huo iwapo tu Waziri mwenye dhamana atayatangaza kuwa kumbukumbu za taifa. Basi kaburi la mpagazi wa 1917 na kaburi la mpiganaji wa 1970, yote mawili yako nje ya mpaka huo wa miaka mpaka litolewe tangazo, na tangazo haliwezi kutolewa kwa ajili ya mahali ambapo hapana aliyepaeleza.

Sababu ya pili ni matumizi ya ardhi. Mashamba ya mikorosho na ufuta yanapanuka, na Ruangwa na Nachingwea zina madini ambayo dunia yayatafuta, hasa kinywe na nikeli. Hatuyasemi haya kwa kuyalaumu. Wananchi wahitaji mapato. Lakini Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 huruhusu makaburi kuondolewa ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, nayo hutaka itolewe taarifa na wenye haki katika kaburi wasikilizwe. Ndugu msomaji, uone jambo hili vizuri: sheria humsikiliza mwenye kaburi. Kaburi lisilo na jina halina mwenyewe wa kufika mbele ya mkuu wa wilaya. Mwenye tingatinga anaweza kulipita bila kuvunja sheria yoyote aijuayo, kwa sababu mbele yake ameona kichaka tu.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa zaidi, nayo ni kupita kwa mashahidi. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1970 sasa amepita miaka sabini. Wanakijiji waliouza mihogo kambini, waliochota maji pamoja na wapiganaji, walioitwa kusaidia kuchimba kaburi, wanaondoka mmoja mmoja, na sisi ndio tunaowazika. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilitambua hatari hiyo ilipoanzisha Mradi wa Hashim Mbita, uliozaa mwaka 2014 juzuu tisa za historia ya ukombozi zenye ushuhuda wa watu wengi. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa. Lakini mradi wa nchi nyingi hauwezi kufika kwa kila bibi wa kila kijiji. Mchungaji na mwinjilisti hufika.

3. Je, kuyatukuza makaburi si kurudi kwenye mizimu?

Wanafunzi wa theolojia huuliza swali hili mara kwa mara, nalo halifai kupuuzwa. Katika nchi ya Wamwera, Wamakonde na Wayao, kaburi halikuwa mahali pa ukumbusho tu, bali palitolewa sadaka ya unga na maombi kwa waliotangulia. Je, kanisa likiongoza watu kwenda makaburini, halitakuwa linajenga upya kile lililokibomoa?

Maungamo ya Augsburg, katika kifungu cha 21, yametupa njia iliyo wazi. Hufundisha kwamba waliotutangulia wakumbukwe, ili imani yetu iimarishwe na tufuate mwenendo wao mwema kila mtu katika wito wake. Lakini hutuzuia kuwaomba msaada, kwa kuwa mpatanishi ni mmoja tu. Kwa hiyo tofauti haiko katika kwenda makaburini au kutokwenda. Iko katika lile tunalofanya tufikapo huko.

Aidha, Luther mwenyewe alilisema jambo hili. Mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, aliandika waraka juu ya kukimbia au kutokukimbia maradhi yale, na mwishoni akageukia makaburi ya mji. Alisikitika kwamba yamekuwa kama njia ya kupita watu na wanyama, akataka pawe mahali patulivu na pa heshima, ambapo mtu aweza kuingia na kutafakari kifo, hukumu ya mwisho na ufufuo. Hakuona ibada ya sanamu katika utulivu huo. Alichokitafuta ni mahali pa kuhubiri pasipo maneno.

Maandiko Matakatifu nayo yana mengi. Ibrahimu aliyekuwa mgeni hakumzika Sara porini, bali alinunua shamba la Makpela kwa shekeli mia nne za fedha, hadharani, mbele ya wenyeji wote langoni (Mwa. 23). Wana wa Israeli walibeba mifupa ya Yusufu safari yote mpaka wakaizika Shekemu (Yos. 24:32). Nehemia alipoulizwa na mfalme sababu ya huzuni yake, alitaja mji wenye makaburi ya baba zake uliokuwa ukiwa (Neh. 2:3).

Lakini liko onyo tusiloweza kuliruka. Bwana wetu aliwakemea waliojenga makaburi ya manabii na kuyapamba, huku mioyo yao ikiwa pamoja na waliowaua (Mt. 23:29-31). Kaburi laweza kupambwa ili lifunike ukweli. Nachingwea inalo fundisho lake katika hili. Mchungaji Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO tangu mwaka 1962, aligombana na wenzake baada ya kifo cha Mondlane na kuondolewa katika uongozi. Mwaka 1975 aliletwa Nachingwea, akalazimika kusoma mbele ya watu maungamo marefu ya makosa yake. Baadaye aliuawa nchini Msumbiji bila hukumu ya mahakama ya wazi, na watoto wake walikua bila kuonyeshwa kaburi la baba yao. Haitupasi sisi kutoa hukumu juu ya siasa za wakati ule. Yatupasa kusema tu kwamba mahali palepale palipoandaliwa uhuru, palitendeka pia jambo lenye uchungu, na ukumbusho wa kweli hauchagui machozi. Tukiwafundisha watoto habari za Farm 17, tuwafundishe zote.

4. Hatua za kuchukua

4.1 Kukusanya majina. Hii ndiyo kazi ya kwanza. Mzee asikilizwe nyumbani kwake, kwa lugha yake, bila haraka, wala asirekebishwe anapotofautiana na kitabu. Aulizwe mambo anayoweza kuyajua: nani alizikwa, aliitwaje na wenzake, alitoka upande gani, alikuwa wa dini gani, nani alichimba, kichwa kilielekezwa wapi. Iandikwe tarehe ya mazungumzo na jina la aliyeandika. Neno la mmoja lilinganishwe na la mwingine kabla ya kuitwa hakika, na yale yanayoumiza familia iliyo hai yasitangazwe bila ridhaa yao. Nakala moja ikae usharikani, moja katika ofisi ya kijiji, na moja ipelekwe kwenye nyaraka za taifa. Kwamba kazi hii huzaa matunda hata baada ya karne, twaona Cape Town, ambako mwezi Januari 2025 ilizinduliwa kumbukumbu yenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa barani Afrika katika Vita Kuu ya Kwanza wakiwa watumishi wasiobeba silaha. Majina yale yalipatikana kwa sababu mahali fulani yalikuwa yameandikwa.

4.2 Kutunza vitabu vya usharika. Wengi wetu tukijaza kitabu cha mazishi huandika jina na tarehe, basi. Tuongeze mahali penyewe pa kaburi. Mstari mmoja zaidi leo utakuwa hazina kwa mjukuu wa kesho.

4.3 Kuweka mpaka kwa pamoja. Mwandishi wa Mwanzo 23 hakusahau kutaja shamba, pango, na hata miti iliyokuwa mpakani. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa njia ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, ambamo Mkutano Mkuu wa Kijiji waweza kutenga eneo la makaburi. Mpaka upitwe kwa miguu na mwenyekiti wa kijiji, masheikh, wachungaji, mapadre na wazee wa ukoo wenye ardhi. Mkoa wa Lindi wakaliwa na Waislamu wengi, na wapagazi na wapiganaji walikuwa wa dini zote. Kwa hiyo usharika usiweke msalaba juu ya kaburi la mtu usiyemjua. Minyaa iliyopandwa mpakani inatosha kuwa alama.

4.4 Kujizuia. Nia njema imeharibu makaburi mengi. Yasichomwe moto wakati wa kusafisha, mawe yasisogezwe, yasipigwe saruji wala chokaa, na mtu yeyote asichimbe kutafuta mabaki au vitu vya kale. Anayetaka kusaidia na apige picha, apime kwa hatua, achore ramani, kisha amwite mtaalamu wa mambo ya kale.

4.5 Kuyatumia kufundishia. Kitu kisichotumika husahauliwa. Farm 17 leo kuna shule ya sekondari yenye jina hilohilo. Vijana wake wanasoma historia ya ukombozi wakiwa wamekaa juu yake. Wanafunzi wa wilaya zote mbili waweza kupewa kazi ya kuwahoji wazee, na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kusoma majina waliyoyapata. Mazimbu, Morogoro, yatupa mfano. ANC ya Afrika Kusini ilipokabidhi eneo lile kwa serikali yetu mwaka 1992, makaburi ya wakimbizi wake yalibaki ndani ya chuo, na hadi leo wageni huongozwa kuyazuru. Tanzania ni mwenyeji wa Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, na kijiji chenye orodha yake mkononi kitakuwa na la kusema kikifika kwa wakuu wa programu hiyo.

4.6 Kuwa waangalifu na fedha. Wageni wakija, huja na fedha, nazo huleta magomvi. Mapema kijiji kikubaliane, kwa sheria ndogo, kwamba kiingilio kitaingia katika akaunti ya kijiji, na sehemu yake itarudi kwenye kutunza eneo. Anayewaongoza wageni awe mwenyeji aliyefundishwa, tena asiongeze chumvi ili kupata bakshishi.

Hitimisho

Katika 2 Samweli 21 twasoma habari za Rispa, aliyetandika gunia juu ya mwamba na kuilinda miili ya wanawe na ya wenzao, tangu mwanzo wa mavuno hata mvua ikanyesha. Hakuwa na cheo, wala hakungoja kibali. Daudi aliposikia alilolifanya, ndipo alipokumbuka wajibu wake, akaikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani, akawazika wote kwa heshima. Mlinzi alitangulia, mfalme akafuata.

Ndugu wachungaji na wanafunzi, wengi wenu mtapelekwa kwenye mazoezi ya kazi katika sharika za kusini. Ombi langu ni dogo. Mfikapo, kabla hamjaulizia mapato ya usharika, ulizieni ni mzee yupi aliye mkongwe kuliko wote kijijini, nendeni mkamwamkie, na mchukue daftari. Mkipata jina moja tu la mtu aliyelala huko bila jamaa, liandikeni na mahali pake, na mlisome Jumapili ya kukumbuka wafu pamoja na majina ya wapendwa wetu wengine.